Shajara ya bendi: kuacha kupokea shoo kwa mdomo, Kampala 2025

Jumatatu, 3 Februari

Kuanzia leo naandika hapa kila hatua ya kazi hii, wanabendi wote wasome, asitokee wa kusema hakuambiwa. Kazi yenyewe ni kuacha kupokea shoo kwa mdomo. Tuko wanane, tunapiga rumba, zilizopendwa na taarabu kidogo. Mazoezi yetu ni Katwe, na wateja wetu wametapakaa kutoka Kabalagala na Ntinda hadi Jinja na Mbarara. Shoo ikipigwa tunakula. Shoo ikiota mbawa saa kumi jioni ya siku yenyewe, tunalala na deni.

Deni hilo nimelipigia hesabu. Chukua shoo ya Jinja, kilomita kama 80 kutoka Kampala. Tunaelewana na baa shilingi za Uganda 1,500,000. Gari la kwenda na kurudi, mafuta ndani, ni 300,000. Baa nyingi hazina vyombo vya maana, kwa hiyo tunakodi spika na mikisa pamoja na fundi wake kwa 350,000. Weka 100,000 ya chakula na boda, kwa sababu tukirudi mjini saa tisa usiku hakuna taksi ya kumfikisha mtu Nsambya. Hizo ni 750,000 kabla mpiga solo hajafungua mfuko wa gitaa. Halafu mchana meneja wa baa anapiga: "Shoo tumeisogeza mbele kidogo." Dereva anabaki na nusu ya pesa yake kwa sababu alikataa safari nyingine. Mwenye vyombo anabaki na yote kwa sababu vimeshapakiwa. Na Jumamosi ndiyo imekwenda hivyo. Hakuna harusi inayotafuta bendi saa nane mchana ya siku yake.

Nikiambiwa wiki mbili kabla, sina ugomvi na mtu. Tarehe naipa mteja mwingine, maisha yanaendelea. Kinachotumaliza ni simu ya siku yenyewe, na mbaya kuliko hiyo ni simu isiyopigwa kabisa: mnafika na gari zima la vyombo, mnamkuta didije ameshafunga spika zake jukwaani na askari wa getini hana habari zenu.

Alhamisi, 13 Februari

Nimesoma Sheria ya Mikataba ya 2010. Mpiga besi alinicheka, akauliza kama sasa tunaunda bendi au kampuni ya mawakili, lakini mlemle nimekuta kitu cha kutusaidia. Mkataba wenye thamani inayozidi pointi 25 za fedha unatakiwa uwe wa maandishi. Pointi moja ni shilingi 20,000, kwa hiyo mpaka ni 500,000, na karibu kila shoo yetu inauvuka. Maana yake ni kwamba miaka yote hii tumekuwa tukipokea kazi kubwa kwa "sawa kaka, tutaonana Jumamosi".

Habari njema ni kwamba sheria hiyohiyo inayakubali maandishi ya kielektroniki, mradi yaweze kufunguliwa na kusomwa tena baadaye. WhatsApp inatosha. Ile fomu ya kurasa tatu niliyokuwa naiandaa naiweka kando, maana mwenye baa anayepanga kreti za soda kwa mkono mmoja na kushika simu kwa mwingine hatasoma kurasa tatu.

Badala yake nimeandika ujumbe mmoja. Mtu akishapiga simu tukaelewana, namtumia:

"Habari bosi. Nathibitisha tulivyoongea. Jumamosi 26 Aprili, bendi ya watu wanane, saa tatu usiku hadi saa saba, mapumziko mara mbili. Malipo ni 1,500,000. Sehemu ya kwanza iingie wiki moja kabla, iliyobaki kabla ya seti ya mwisho. Umeme na jenereta ni juu ya ukumbi. Ukikubali nijibu NIMEKUBALI, pamoja na jina lako kamili na jina la ukumbi."

Maneno "kabla ya seti ya mwisho" yamebishaniwa kwenye mazoezi. Dada yetu mwimbaji aliona yanatuonyesha watu wa tamaa. Mpiga ngoma, ambaye amepiga na bendi nyingi kuliko sisi wote, alimjibu hivi: "Dada, wimbo wa mwisho ukiisha bosi anaingia mitini. Utamkuta mhudumu, atakwambia bosi ametoka kidogo." Yamebaki.

Jumatano, 5 Machi

Mwaka huu Ramadhani imeanza mwanzoni mwa Machi na leo ni Jumatano ya Majivu. Waislamu wamefunga, Wakatoliki wameingia Kwaresima, na bendi zote za Kampala zinapiga miayo. Harusi hakuna hadi baada ya Pasaka, na baa zinazobuku ni chache. Muda mzuri wa kazi ya mezani.

Nimeanza daftari la kumbi. Kila ukumbi una ukurasa wake: nani tunaongea naye na cheo chake, kwa sababu meneja na mwenye mali mara nyingi hawasemi jambo moja, soketi za jukwaani zikoje, jenereta ipo au ni ya kuazima kwa jirani, walilipa lini ukilinganisha na walivyoahidi, wakifuta, walifuta saa ngapi. Wenzetu wa bendi mbili tunaoshirikiana nao vyombo wamekubali kuchangia. Sharti nililoweka ni kwamba yanaandikwa yaliyotokea tu. "Alifuta Ijumaa saa mbili usiku, hakulipa gari" ni sawa. "Mwizi" haiandikwi. Daftari la matusi likivuja litatuletea kesi, na isitoshe halitusaidii kupanga bei.

Hata kwa kurasa chache picha imeanza kuonekana. Familia za kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi wa binti) na harusi ndizo salama kuliko wote. Wageni wameshaalikwa, ng'ombe ameshanunuliwa, tarehe haitikisiki. Shida yao ni muda tu: wanakwambia saa sita, wageni wa upande wa pili wanaingia saa kumi, na nyie mmeshakauka juani. Hoteli kubwa hazifuti ovyo, ila zinalipa kwa karatasi. Wanataka LPO (hati yao ya oda), TIN (namba ya mlipa kodi), ankara ya EFRIS (mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya kodi), na ukishaleta vyote unasubiri mwezi na zaidi. Malipo yakizidi milioni moja hoteli iliyoteuliwa na mamlaka ya kodi inakata asilimia 6 kabla ya kukupa chako. Hiyo asilimia si ya kulalamikia, ila lazima udai cheti chake, kwa sababu inahesabiwa kwenye kodi ya bendi mwisho wa mwaka. Bendi isiyosajiliwa inapata shida kukitumia cheti hicho, na inaweza kuiacha pesa yake hukohuko. Sisi tumesajili URSB, ofisi ya serikali ya usajili wa biashara. Wenzetu wengi bado.

Baa ndizo zenye danadana. Na baa mpya ndizo hatari zaidi: mwenyewe anaibuku bendi kwa ajili ya ufunguzi akitegemea mauzo ya wiki hiyo ndiyo yatailipa.

Jumamosi, 12 Aprili

Hapa kwenye arbuni, ile sehemu ya kwanza ya malipo, nitaeleza kwa urefu.

Tulipoanza tulidai nusu ya malipo wiki moja kabla, kama wanavyofanya wapiga picha wa harusi. Kwa harusi hakuna aliyepinga. Kwa baa imekuwa vita. Mama mmoja mwenye baa Kabalagala, mtu mzuri ambaye tumempigia kwa miaka, alinisikiliza hadi mwisho kisha akasema: "Mwanangu, 750,000 nikupe wiki nzima kabla, na ukipata kwingine je? Hiyo ndiyo pesa ya bia zangu za Ijumaa." Sikuwa na jibu la haraka. Biashara yake inazunguka kwa wiki. Pesa ya Ijumaa ndiyo inayonunua mzigo wa Jumamosi, na mzigo wa Jumamosi ndio unaotulipa sisi. Kumwambia atoe nusu mapema ni kumwambia aanze wikiendi rafu zikiwa tupu.

Nikarudi kwenye zile hesabu za Februari. Nusu ya malipo ni namba tuliyoiokota hewani. Haina uhusiano na tunachopoteza. Shoo ya Kabalagala tunakwenda kwa gari dogo, baa ina spika zake, na gharama ya kutoka Katwe haifiki 120,000. Kwa nini tumwombe 750,000? Kwa upande mwingine, shoo ya Mbarara ni kilomita kama 270, tunalala huko, na gharama zinaweza kuvuka nusu ya malipo. Huko nusu haitoshi.

Kwa hiyo tumebadilisha. Arbuni sasa ni gharama za kuondoka, shilingi kwa shilingi: gari, vyombo vya kukodi, chakula, malazi kama yapo. Namtumia mteja mchanganuo wake. Nilipomrudia yule mama na ujumbe uliosema "gari 70,000, boda za usiku 50,000, jumla 120,000, iliyobaki siku ya shoo", alituma kabla sijaweka simu mfukoni. Akaongeza ujumbe wa sauti: "Hiyo naielewa. Hiyo ni nauli."

Jinja walijaribu kupunguza. Nikawaambia kama wana gari la kutuleta, walete, mstari wa gari unaondoka kwenye arbuni. Walikuwa nalo! Pikapu ya hoteli jirani, ikaja na dereva wake, tukaokoa 300,000 zao na wasiwasi wetu. Mteja akiona mistari, anabishana na mstari mmoja. Akipewa asilimia anabishana na bendi nzima.

Kuna faida nyingine ambayo sikuitegemea. Ukumbi unaokataa hata nauli umeshakujibu kila kitu. Mmoja wa Mukono alisema "mje kwanza, tutaelewana hapahapa", tukamwacha. Bendi nyingine ilikwenda. Sitaandika yaliyowapata, yako kwenye daftari.

Pesa inapita kwenye simu, na hapo kuna kero ndogo: ada ya kutoa pamoja na kodi ya asilimia 0.5 ya kutoa. Kwa shoo moja hazionekani, kwa mwaka ni seti nzima ya nyuzi za gitaa na besi. Tumekubaliana mteja aongeze pesa ya kutolea, na wengi wanaongeza bila neno.

Ijumaa, 23 Mei

Kesi ya kwanza. Ukumbi wa bustani nje kidogo ya mji, mteja alijibu NIMEKUBALI na arbuni akatuma. Tulifika saa kumi na moja jioni kwa saundi cheki, tukamkuta didije. Meneja akatuambia mwenyewe amebadili mawazo, watu wa siku hizi wanataka miziki ya vijana. Arbuni ilifunika gari na vyombo, kwa hiyo mfukoni hatukuumia, lakini Jumamosi yetu ilikuwa imekufa. Kwenye ujumbe tulikuwa tumeandika kwamba ukumbi ukifuta ndani ya saa 48 unalipa nusu ya kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa 1,100,000.

Mpiga solo alitaka tufunge vyombo tupige hivyohivyo, ushindani wa sauti na didije. Nilikataa. Tulirudi nyumbani.

Jumatatu nilikwenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji kile, mzee wa makamo mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alinipa stuli, akasoma ujumbe kwenye simu yangu polepole, akaupandisha juu akaushusha, kisha akauliza swali moja tu: "Hili jina ni lake yeye mwenyewe?" Nikasema ndiyo, na ndiyo maana tunadai jina kamili. Akampigia hapohapo. Mwenye ukumbi akasema atakuja jioni. Hakuja.

Hatua iliyofuata ilikuwa barua ya madai. Mahakama zetu zina utaratibu wa madai madogo kwa kesi zisizozidi shilingi milioni 10. Wakili hahitajiki, unakwenda mwenyewe na ushahidi wako. Kabla ya kufungua unampa mdaiwa ilani ya siku 14. Niliiandika kwa ukurasa mmoja: tarehe, picha ya ujumbe wake, kiasi tunachodai ambacho ni 550,000, na siku ya mwisho. Nikampelekea mwenyewe, meneja akasaini nakala yangu kwamba wameipokea. Hiyo sahihi ndiyo iliyowatisha, nadhani, zaidi ya barua. Leo asubuhi pesa imeingia kwenye simu bila salamu wala maelezo.

Fundi wa saundi ameuliza kwa nini tusiidai iliyobaki yote. Kwa sababu hatukuandika hivyo. Tukitaka watu waheshimu maandishi, tuanze sisi.

Jumanne, 3 Juni

Siku ya Mashahidi, Namugongo. Barabara za upande ule hazipitiki kwa mahujaji, na jana hakuna aliyetaka bendi. Hakuna la kuripoti.

Jumatatu, 7 Julai

Siku ya Kiswahili Duniani. Tumepigia hafla ya taasisi moja mchana. Walitubuku kwa barua rasmi, wakalipa kwa wakati, chakula kilikuwepo. Siku kama hizi mtu unaamini ungeweza kuishi kwa Kiswahili peke yake Kampala. Kisha kesho unapiga harusi ya Masaka na bibi harusi anataka nyimbo za Kiganda mwanzo hadi mwisho, na mpiga kinanda wetu wa Bunia anazipiga zote bila kuelewa neno.

La mradi: tumeongeza sharti la video. Siku moja kabla ya shoo ukumbi unatutumia video fupi ya jenereta ikiwa inanguruma na taa ya jukwaa imewaka. Chanzo ni ile Jumamosi umeme ulipokatika saa nne usiku, tukaambiwa jenereta ipo, na kweli ilikuwepo, ila haikuwa na betri. Watu walikaa gizani wanakula muchomo kwa tochi za simu, sisi tukapiga ngoma na gitaa kavu kwa saa nzima. Walifurahi sana, kwa kweli, na mwenye baa akataka kutulipa nusu kwa sababu "bendi haikutumia spika". Tulilipwa yote, kwa kuwa umeme umeandikwa kuwa juu ya ukumbi. Lakini mabishano ya saa saba usiku si kazi ya mwanamuziki.

Ijumaa, 15 Agosti

Wiki hii nimezungukia kumbi kusikiliza upande wa pili, na nimerudi na uso umenishuka kidogo kwa niaba ya bendi zote za mji huu.

Mwenye ukumbi mmoja Entebbe alinieleza jinsi alivyobuku bendi ya watu kumi, akabandika mabango, akauza meza. Usiku walikuja wawili: mpiga kinanda na mwimbaji, na flashi ya bendi nzima iliyorekodiwa. Wale wengine walikuwa Ntinda wanapiga kwa jina lilelile. Mwingine aliniambia bendi zinakuja saa tano kwa shoo ya saa tatu, na saa sita zinaanza kuangalia saa. Mwingine arbuni yake ililiwa na simu ikazimwa. Hawa ndio watu tunaowaita wababaishaji, na kila mmoja ana bendi iliyomfundisha kuahidi bila kutoa pesa.

Kwa hiyo ujumbe wetu umeongezwa upande wa pili. Idadi ya wapigaji imeandikwa, na kila anayepungua bila taarifa anakatwa kwenye malipo. Tukichelewa zaidi ya saa moja kwa sababu isiyo ya barabara kufungwa, asilimia 10 inapungua. Tukishindwa kuja kabisa, arbuni inarudi yote siku inayofuata na tunatafuta bendi mbadala kwa bei ileile. Mpiga solo alinuna. Alisema hakuna bendi nyingine Kampala inayojikaba hivyo. Sawa, lakini yule wa Entebbe, aliyekuwa ameapa hatabuku bendi tena, alisoma mistari hiyo akauliza tuko huru lini.

Tumeandika pia yasiyo mikononi mwa mtu. Mvua kwenye bustani ni ya ukumbi, kwa sababu wao ndio waliochagua kutoweka turubai. Jirani akilalamikia kelele na shoo ikasimamishwa, ni ya ukumbi pia. Kanuni za kelele zipo tangu 2003 na mwenye baa ndiye anayejua amejenga karibu na nani. Amri ya serikali ni jambo jingine. Hapo kila upande unabeba chake: gharama za kuondoka ambazo zimeshatumika hazirudi, zilizobaki zinarudi, na hakuna fidia. Sote tunakumbuka Machi 2020, baa na matamasha yalipofungwa, na hayakufunguliwa hadi 24 Januari 2022. Wakati ule kulikuwa na bendi zimeshika arbuni na kumbi zimeshika ahadi, na hakuna aliyeandika nini kinafuata. Hata tamasha kubwa kama Nyege Nyege, Septemba 2022, Bunge lilitaka lisifanyike Jinja, na serikali ikaliruhusu kwa masharti wasanii wakiwa karibu kupanda jukwaani. Kama hilo linaweza kuning'inia vile, bendi ya Katwe inaning'inia zaidi.

Jumatatu, 29 Septemba

Kampeni za urais zimeanza leo, kura ni 15 Januari. Mwenye vyombo wetu amepandisha bei: seti ya 350,000 sasa ni 600,000, na Jumamosi mbili za Oktoba hana kabisa, spika zote ziko kwenye malori ya wagombea. Kwa mfumo wa zamani bei hii ingekula faida yetu kimyakimya. Kwa mfumo wa sasa mstari wa vyombo umepanda na mteja ameuona. Wawili wamelalamika, mmoja ameamua kununua spika zake mwenyewe, jambo ambalo kwetu ni ushindi.

Wanasiasa wameanza kupiga simu. Bendi imekaa na kukubaliana: tunapiga kwa yeyote anayelipa yote kabla ya kupanda jukwaani, hatutungi nyimbo za sifa, na jukwaani hatuvai njano wala nyekundu, rangi za vyama. Mgombea akishindwa, hapokei simu. Akishinda, hapokei pia.

Jumatano, 22 Oktoba

Daftari sasa linatumiwa na bendi tano. Limeanza kufanya kazi ambayo sikuikusudia: kumbi zinaniuliza ukurasa wao unasemaje. Baa moja ya Bugolobi ililipa deni la bendi nyingine, la tangu mwaka jana, ili ukurasa usafishwe. Hatusafishi, tumewaambia, tunaongeza mstari mpya chini: "Walilipa, Oktoba 2025." Wameridhika.

Kikubwa cha mwezi ni mazungumzo ya siku ya kudumu. Ukumbi wa Ntinda unataka bendi kila Alhamisi. Wanatoa 700,000, chini ya nusu ya bei yetu ya Jumamosi, na wanabendi wawili wameikataa papo hapo. Mimi naitaka. Vyombo vinabaki palepale, gari halihitajiki, gharama za kuondoka ni boda tu. Ukitoa hizo, Alhamisi ya Ntinda inatuachia karibu sawa na Jumamosi ya Jinja, bila kurudi alfajiri. Na wateja wa harusi wanapata mahali pa kuja kutusikiliza kabla ya kubuku, badala ya kunidai video. Afrigo, bendi kongwe ya Kampala, wameishi tangu 1975 na Moses Matovu wao, na kwa miaka mingi mtu wa Kampala alijua usiku gani na wapi atawakuta. Sitaki kujilinganisha, nasema tu kwamba bendi inayojulikana iko wapi siku gani haibembelezi kumbi.

Sharti langu kwao ni notisi ya wiki nne kwa kila upande, na Alhamisi yoyote wakiitaka kwa shughuli binafsi wanatulipa nusu. Wamekubali la kwanza. La pili wanalitafakari.

Jumanne, 4 Novemba

Ntinda wamejibu: robo, siyo nusu. Tumechukua. Tunaanza Alhamisi ya wiki ijayo, na mpiga solo ambaye hakutaka kusikia habari zake ndiye ameuliza kama anaweza kuacha amplifaya yake huko.

Jinja ya Jumamosi imethibitishwa, arbuni iliingia jana na ya kutolea ndani yake. Video ya jenereta nategemea Ijumaa. Mbarara ya 29 Novemba hawajajibu mchanganuo wa gharama, wameona lakini kimya. Nimewapa hadi kesho saa kumi jioni. Kuna kwanjula Mukono inaitaka tarehe hiyohiyo na baba wa binti ameshauliza atume pesa namba gani.